Ua la Nyuma ya Kola

Katika nchi ya Upindoni, ambako raia wote wana furaha kwa mujibu wa sheria, kila jambo kubwa huanza na aibu ya mkubwa. Aibu iliyoanzisha mambo haya ilimpata mkubwa kuliko wote, Mtukufu Mlezi wa Taifa, akiwa ugenini, mbele ya kamera, amevaa shati jeupe la mikono mifupi.

Ulikuwa mkutano wa marais. Wakati wa chai, rais wa nchi jirani, ile nchi ambayo Upindoni inaichukia kwa sababu ina lami nyingi zaidi, alinyanyua mkono na kuonyesha vifungo vinne vilivyopangwa kwenye mkono wa koti lake.

"Mnaviona hivi? Havifungi kitu," alisema. "Kila kimoja ni shujaa wetu mmoja. Na hiki kitanzi kidogo mgongoni mwa mashati yetu kinakumbuka tawi ambalo babu zetu walitundika mikuki yao siku ya amani. Kwetu sisi hata mshono una historia." Kisha akageuka kwa adabu, kama mtu anayemkaribisha mwenzake kwenye sahani. "Na hilo ua dogo la njano chini ya kola yako, ndugu yangu, linakumbuka nini?"

Mlezi wa Taifa hakujua kwamba ana ua. Aligeuka kulia alione, nalo likageuka naye. Akageuka kushoto. Mawaziri wake saba, kama ilivyo desturi yao, waligeuka kila alipogeuka, kwa hiyo hakubaki mtu nyuma wa kumwambia linafananaje.

"Linakumbuka mengi," alisema mwishowe, na chai ikampalia.

Ndani ya ndege, Mtukufu alilia. Wasaidizi wake hawakuwahi kuona wivu wa namna ile, na walikuwa wamewahi kuona mwingi. "Yule ana vifungo vyenye mashujaa!" alisema huku anapiga kiti cha mbele, alichokuwa amekalia Waziri wa Fedha. "Vifungo! Mimi nina nini?"

"Mtukufu, una ua," alijibu Profesa Chepeo, Mshauri Mkuu wa Historia, ambaye tangu ateuliwe hakuwa ameulizwa swali hata moja.

"Lina historia gani?"

"Nipe wiki mbili."

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Idara ya Historia ya Mapambo Madogo ya Nguo za Kila Siku, yenye jengo la ghorofa tisa na lifti inayopanda tu. Sheria ikapita bila kupingwa: pambo lolote dogo lisilo na historia lifumuliwe ndani ya siku thelathini. Watu wakaanza kuhangaika. Mwalimu mmoja alikamatwa kwa sababu suruali yake ilikuwa na kimfuko ndani ya mfuko, na alipoulizwa kinakumbuka nini akajibu kwamba humo huweka funguo. Bibi mmoja aliponea chupuchupu. Aliandika kwamba lesi ya pindo la gagulo lake inakumbuka povu la sabuni la siku ya uhuru, akapewa cheti.

Lakini ua la Mtukufu lilikuwa bado halijapata baba wala mama.

*

Siku redio ilipotangaza kwamba ua hilo linatafutiwa asili, Fundi Twalibu wa Mtaa wa Sindano alikuwa anapinda pindo la sketi ya shule. Mguu wake ukagoma juu ya cherehani. Katika nchi nzima ni yeye peke yake aliyejua asili ya ua lile, na asili yenyewe ilikuwa ya kuaibisha kiasi kwamba hakuwahi kumwambia hata mkewe.

Ng'ambo ya mtaa, hatua kumi na nane kutoka mlangoni pake, kulikuwa na duka la Fundi Hamduni. Wawili hawa walijifunza kwa fundi mmoja, wakalalia mkeka mmoja, wakapigwa na fimbo moja ya kupimia. Sasa Hamduni alikuwa na mlango wa kioo, feni mbili, na sanamu ya plastiki ya mwanamume asiye na kichwa aliyevaa suti. Twalibu alitundika nguo zake kwenye misumari. Aliichukia sanamu ile kuliko alivyomchukia Hamduni mwenyewe. Yeye alikuwa na kichwa, na hakuwahi kuvaa suti kama ile.

Alijua Hamduni amepata wateja wangapi tangu asubuhi, na nani kati yao alitoka anacheka. Mteja wake mwenyewe alipokuja, Twalibu alimpima huku macho yake yakiwa barabarani, ndiyo maana suruali zake wakati mwingine zilitoka na kiuno cha mtu aliyekuwa anapita.

Mwaka mmoja nyuma, Ikulu ilimwagiza Hamduni mashati kumi na mawili ndani ya siku nne. Siku ya tatu Hamduni alivuka mtaa akiwa na kitambaa kwapani, jasho linamtiririka.

"Fundi, niokoe ndugu yangu. Hili moja tu. Ila usimwambie mtu."

"Mimi huyu niseme?" alijibu Twalibu, na moyo wake ukaruka. Hakulitaka shati kwa ajili ya malipo. Alilitaka ili liyashinde yale kumi na moja.

Alishona kama hajawahi kushona. Mishono ilifuatana kama sisimizi wanaokwenda msibani. Kola ilikaa kama imeota yenyewe. Ikabaki kupiga pasi. Akatia mkaa, akapuliza, akaanza kulinyoosha bega, na hapo hapo gari jeusi likasimama mbele ya duka la Hamduni. Wakashuka wanawake wawili wa itifaki ya Ikulu, wenye viatu vyenye visigino vinavyolia. Hamduni akawaambia neno. Wanawake wakacheka mpaka mmoja akashika mlango wa kioo.

Kasema nini? Twalibu akanyoosha shingo. Kasema nini huyu, asiyejua hata kutunga utani? Akanyoosha shingo zaidi, pasi ikainama, cheche ikaruka.

Ikatoboa shati la Mtukufu chini kidogo ya kola, tundu la ukubwa wa punje ya mtama.

Kitambaa kingine hakikuwepo. Twalibu akachomoa uzi wa hariri wa njano, akadarizi juu ya tundu ua la petali tano, akalikunja shati. Hamduni akaja mbio, akalichukua bila hata kulikunjua. Hiyo ndiyo historia yote ya ua lile, tangu mwanzo hadi mwisho: mtu mmoja alikuwa anachungulia duka la mwenzake.

*

Wiki mbili zilipokwisha, Profesa Chepeo alisimama redioni, akakohoa kikohozi cha kisomi.

"Ndugu wananchi, wakati wa vita vya ukombozi, Mtukufu akiwa kijana, adui alimlenga mshale kwa nyuma. Ghafla ua la njano likashuka kutoka juu, likatua chini ya kola. Mshale ulipoliona, uliona haya, ukarudi ulikotoka."

Wazee wachache waliokumbuka kwamba uhuru wa Upindoni uliletwa na posta, ndani ya bahasha ya kaki, walipewa likizo ndefu mahali penye kuta.

Ikaamriwa kila raia avae ua chini ya kola. Polisi walisimama njia panda kukagua, na raia aliyekaguliwa alipaswa kuinama ili kola ionekane. Baada ya mwezi watu waliona hakuna haja ya kuinuka kisha kuinama tena mbele kidogo, wakawa wanatembea hivyo hivyo. Wageni waliotembelea nchi waliandika kwamba hawajapata kuona watu wenye heshima kama Wapindoni.

Na aliyelishona? Daftari la Ikulu lilionyesha: mashati kumi na mawili, Hamduni, Mtaa wa Sindano. Hamduni akapewa nishani na cheo cha Sindano ya Taifa. Mlango wa kioo ukawa milango miwili. Sanamu isiyo na kichwa ikapata mke.

Jioni ya nishani, Twalibu na mkewe Siwema walikuwa wanachambua mchele redio ikiwa wazi.

"Fundi Hamduni," aliuliza mtangazaji, "ua hili tukufu lilikujiaje?"

Kukawa kimya kidogo. Twalibu alikifahamu kimya kile. Ndicho Hamduni alichokaa zamani kila mara bwana wao alipouliza nani kakata kitambaa kifupi.

"Lilinijia ndotoni," alisema Hamduni. "Niliona mkono wa njano."

"Mkono wa njano!" Twalibu alirusha kiganja cha mchele. "Mwongo mkubwa! Uzi wa njano wenyewe huja kuazima kwangu!"

"Baba Mwajabu, unamtukana nani? Hiyo ni redio ya serikali."

"Ua lile ni langu, Siwema. Nimelishona mimi, kwa mkono huu."

Siwema akaweka ungo chini. Alimjua mumewe. Aliwahi kumsikia akidai kwamba hata mvua huanza kunyesha upande wa Hamduni. "Lako kweli?"

"Niapie nini?"

"Sasa unakaa kufanya nini? Kaseme."

"Nikaseme nini? Kwamba nimetoboa shati la Mlezi wa Taifa?"

"Ulilitoboaje?"

Twalibu akainama juu ya mchele, akatafuta jiwe ambalo halikuwepo. "Cheche."

"Na pasi ilikuwaje, wewe mwenye mkono mzito kama nanga?"

"Ilikuwa pasi, Siwema! Pasi ni pasi!"

Tangu siku ile hakula vizuri. Kila kisogo kilichoinama njiani kilikuwa na ua lake, na hakuna hata kimoja kilichokuwa na jina lake. Kibaya zaidi, yalishonwa vibaya. Alivumilia wiki nzima, hadi aliposimamishwa na askari njia panda.

"Inama!"

Twalibu akainama, akakaguliwa, akaruhusiwa. Hakwenda. "Afande, samahani. Hilo la kwako lina petali sita."

"Wewe nani wa kunihesabia?"

"Mimi? Mimi ni..." Akainama tena. "Ni mpita njia tu, afande."

*

Asubuhi iliyofuata alivaa shati lake jipya, akaenda Idarani. Alipanda lifti hadi ghorofa ya tisa, akashuka kwa ngazi hadi ya tatu, akafika kwenye dirisha la Bi Farashuu, Ofisa Mpokea Asili. Alikuwa mwanamke mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kifuani.

"Shikamoo mama. Nimekuja kudai ua."

"Marahaba. Ua gani?"

"La Mtukufu. Lile lenyewe."

Bi Farashuu hakushtuka. Akavuta fomu ya kijani. "Asili ya pambo: ya damu, ya ndoto, au ya mbinguni?"

"Ya pasi."

"Hakuna kisanduku cha pasi."

"Pasi ya mkaa, mama. Cheche iliruka, ikatoboa. Nikaziba."

"Naweza kukuandikia moto wa ukombozi. Hicho kipo."

"Haukuwa wa ukombozi. Ulikuwa wa kunyooshea bega."

Bi Farashuu akabadilisha miwani ili amwone vizuri. "Baba, mimi nimekaa dirishani hapa miezi minne. Watu wananiletea malaika, wananiletea majoka, juzi mmoja kaniletea zipu iliyotabiri mafuriko. Wewe wa kwanza kuniletea kitu ambacho huenda ni kweli, na sina mahali pa kukiweka. Haya, tuseme ni pasi. Fomu inauliza: wakati wa tukio, mtengenezaji alikuwa anatazama wapi?"

Twalibu akalinyoosha shati lake jipya.

"Wengi huandika mashariki," alisaidia Bi Farashuu.

Angeweza kuandika mashariki. Duka la Hamduni lilikuwa mashariki kweli. Lakini aliiona kalamu, akauona mstari mtupu, akamwona Hamduni akiusoma siku moja na kujua: kumbe mwenzangu alikuwa ananichungulia. Hilo hapana. Afadhali afe bila ua kuliko Hamduni alijue hilo.

"Nitarudi," alisema.

"Wanasema hivyo wote," alijibu Bi Farashuu, akairudisha fomu ya kijani mahali pake.

*

Mwaka wa pili wa ua, Ikulu iliajiri kinyozi mpya. Alikuwa kijana hodari kutoka mtaani, na kosa lake lilikuwa moja: hakuna aliyemweleza kwamba Mtukufu hanyolewi kama watu. Alipomaliza, akafanya kama wafanyavyo vinyozi wote. Akashika kioo kidogo nyuma ya kichwa cha mteja na kusema, "Mzee, cheki na huku."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Mtukufu aliuona mgongo wake. Akaliona ua. Akalihesabu.

"Tano," alisema. "Kwa nini tano?"

Ikatokea, kwa bahati mbaya, kwamba juma lile mawaziri watano walionekana wakicheka pamoja kwenye ngazi, na hakuna aliyejua walichekea nini. Mtukufu akaunganisha. Kabla ya chakula cha mchana jambo lilikuwa limepata jina, Njama ya Petali Tano, na kabla ya chai Profesa Chepeo alikuwa redioni.

"Utafiti wa kina umethibitisha kwamba ua halikuzuia mshale. Ua lilikuwa linaonyesha mshale pa kupiga. Historia haijabadilika, ndugu wananchi. Tumeigeuza tu upande wa pili, kama shati."

Nchi nzima ikafumua. Mitaa ilijaa nyuzi za njano kama makapi ya mpunga. Waliokuwa wanainama waliambiwa wainuke, na wengi walishindwa kwa sababu ya viuno. Shati lenyewe la Mtukufu lilichomwa moto kwa usalama wa taifa, na majivu yake yakapewa namba ya kielelezo. Hamduni alichukuliwa saa nne asubuhi, akiwa na futi ya kupimia shingoni.

Twalibu aliyaona yote kutoka mlangoni pake. Askari wakavunja milango miwili ya kioo, wakapakia sanamu bwana na sanamu mke kwenye karandinga. Moyo wake ukacheza ngoma. Alikula chakula cha mchana mara mbili. Alimshukuru Bi Farashuu kwa kukosa kisanduku. Furaha hiyo ilidumu hadi saa tisa na nusu.

Saa tisa na nusu alikwenda kununua vitunguu, akawasikia wauza mboga.

"Yule mwanamume, mwenzangu! Kumshonea mkuu njama mgongoni, na mkuu akaivaa miaka miwili!"

"Na tulivyomdharau na zile sanamu zake."

"Huyo ndiye mwanamume. Hawa wengine wamevaa suruali tu."

Macho yao yakateremka hadi kwenye suruali ya Twalibu, ambayo kiuno chake kilikuwa cha mtu mwingine.

Kesho yake ukaota wimbo. Hakuna aliyejua nani kautunga, na kila mtu aliuimba kwa midomo iliyofungwa:

*Hamduni mtu wetu, mwenye sindano ya chuma,*
*Kadarizi siri yetu, mgongoni pake nyuma,*
*Kavisha mkuu wetu, akapita akivuma...*

Mstari wa nne ulipigwa marufuku, kwa hiyo ndio uliojulikana zaidi. Twalibu alijaribu kuuimba kwa jina lake mwenyewe, chooni, mlango ukiwa umefungwa. Haukukaa. Hamduni ni silabi nne, Twalibu ni tatu. Hata mizani ilikuwa upande wa yule.

Lakini kilichomvunja ni Siwema. Alikuwa anakuna nazi, hana habari na mtu, akasema kama mtu anayesema peke yake: "Ila Hamduni ana moyo, jamani."

Twalibu alisimama. "Umesema?"

"Nimesema ana moyo. Si lazima umpende mtu ndiyo..."

"Ua lile ni langu! Nilikwambia!"

"Ulisema. Halafu ukanyamaza." Siwema hakuinua macho kutoka kwenye mbuzi ya nazi. "Na sasa nyamaza vizuri zaidi, Baba Mwajabu. Wenye ua lile wanafungwa."

*

Kesi ilisikilizwa katika ukumbi wa michezo, maana mahakama ilikuwa ndogo kwa watu waliotaka kumwona Hamduni. Aliletwa amekonda, hana futi, hana nishani. Jaji Mkuu aliuliza anakiri au anakana.

"Sikulishona mimi, mheshimiwa!" alilia Hamduni. "Wallahi si mimi! Nilidanganya kuhusu ndoto. Shati lile nilimpa mwenzangu!"

"Mwenzako nani?"

Hamduni akageuka, akatafuta kati ya maelfu, akampata. Macho yao yakakutana. Twalibu alijua la kufanya, na watu wote walijua la kufanya: kunyamaza, kutikisa kichwa, kwenda nyumbani kula wali. Siwema alikuwa ameshika shati lake kwa nyuma, kwa nguvu zote.

Lakini karibu yao binti mmoja alinong'ona: "Angalieni alivyo jasiri, anaficha wenzake."

Shati likapasuka mkononi mwa Siwema. Twalibu alikuwa amesimama.

"Mheshimiwa! Ua ni langu!"

Ukumbi ukavuma. Akapelekwa mbele, na pale, kwa mara ya kwanza, akasema yote: pasi, gari jeusi, wanawake wa itifaki, shingo ilivyonyooka. "Nilikuwa namchungulia huyu," alisema. "Nimemchungulia miaka kumi na moja. Cheche ikaruka. Hakuna mshale. Hakuna njama. Ni wivu wangu tu ulioungua pale, mheshimiwa, nikauziba kwa ua."

Hamduni alimtazama mdomo wazi. "Ulikuwa unanichungulia? Mimi?"

"Wewe."

"Kumbe!" Na katika uso ule uliokonda kikapita kitu ambacho hakikufaa kabisa kwa mshtakiwa. Kilifanana na raha.

Jaji Mkuu alivua miwani. "Mahakama haiwezi kukubali kwamba taifa zima limeinama miaka miwili kwa ajili ya wivu wa fundi wa sketi. Hilo litaidhalilisha serikali. Lakini mahakama ni ya haki. Waletewe kitambaa, sindano na uzi wa njano. Ua la njama hii lilishonwa na mkono wa hali ya juu. Mwenye mkono huo ndiye mhaini, naye atakwenda miaka kumi. Mwingine ataachiwa."

Wakakalishwa mezani, kila mmoja na kipande chake. Hata mtu asiyejua kushona aliona jinsi mambo yalivyokuwa rahisi. Hamduni alihitaji kushona vibaya tu, basi, arudi kwa wanawe.

Naye alianza vibaya. Petali ya kwanza aliiacha ikining'inia kama sikio la mbuzi. Watu wakahema. Upande wa pili Twalibu alikuwa ameinama, ulimi umetoka pembeni, anashona miaka kumi na moja yote kwa pamoja. Karani aliyesimama nyuma yake alishindwa kujizuia.

"Lahaula," alisema. "Angalieni mkono huo."

Hamduni aliinua kichwa. Akaliangalia ua la Twalibu. Watu walioketi mbele wanasema waliyaona mapambano usoni mwake, na kwamba hayakuchukua muda. Akashika petali yake ya kwanza, akaifumua. Akalowesha uzi mdomoni. Akashona.

"Hamduni!" alipiga kelele mkewe kutoka juu. "Hamduni, baba, watoto!"

Hakusikia. Alipomaliza, karani aliweka vipande viwili mbele ya jaji, na jaji akaamuru visogezwe karibu na dirisha. Akavitazama muda mrefu, mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kushona hata soksi.

"La Hamduni ndilo zuri zaidi," alisema. "Hamduni, miaka kumi. Twalibu, mahakama imekuona huna hatia, kwa kukosa kipaji. Nenda zako."

Siwema alianguka chini kwa shukrani. Wauza mboga wakampigia Hamduni vigelegele, waziwazi, na askari hawakujua wamkamate nani kati ya watu elfu nne. Hamduni alikuwa anatabasamu. Aliendelea kutabasamu hadi walipomfikisha kwenye karandinga, mlango ukafunguliwa, akaona kulivyo ndani.

"Twende nyumbani, mume wangu," alisema Siwema, akimvuta mkono. "Uko huru. Umesikia? Huru!"

Twalibu hakusogea. Uso ulikuwa umempauka kama kitambaa kisichokatwa. Akauondoa mkono wa mkewe, taratibu, akavuka ukumbi hadi kwenye meza ya masijala, ambako karani alikuwa anakusanya sindano.

"Nataka kukata rufaa."

"Ya nani? Wewe umeachiwa."

"Hiyo hiyo. Ya kuachiwa."

Karani alimtazama, akamtazama Siwema aliyekuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili, akasogeza fomu. Nje watu walikuwa wamefika mstari wa nne na walikuwa wanauimba kwa sauti. Twalibu akavuta kiti, akaruka jina, akaruka anwani, akateremka moja kwa moja hadi kwenye Sababu za Rufaa, akaandika kwa herufi kubwa za mtu anayekandamiza kalamu:

"Uzi wa Hamduni umevutwa upande wa kushoto. Naomba majaji waupitishie kidole."